Je, Wajua? Maji, Mashamba na Misitu Katika Saa ya Maswali Bungeni

Bunge linapokaa Dodoma, shughuli huanza saa tatu asubuhi kwa dua, kisha hati huwasilishwa mezani, kisha Katibu hutamka neno moja: maswali. Wengi wetu hukiona kipindi hicho kama vijembe na makofi. Ukikaa na kurasa zake, hasa zile zinazohusu visima, mabonde, mbolea na misitu, unakuta humo historia ya nchi ambayo haijaandikwa kwa utaratibu mahali pengine popote. Haya ni baadhi ya mambo yanayostahili kujulikana.

Je, wajua kwamba haki ya kuuliza imo ndani ya Katiba?

Mbunge haulizi kwa hisani ya waziri. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika orodha ya njia za kufanya hivyo, iliyotangulia zote ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kuuliza kumetajwa kabla hata ya kujadili utekelezaji wa wizara wakati wa bajeti. Kwa hiyo mwanamke wa Chemba anayemwambia mbunge wake kwamba pampu ya kijiji imekufa anakabidhi jambo ambalo Katiba imelifungulia mlango.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mbunge hupeleka swali kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge. Hilo ndilo swali la msingi. Siku yake ikifika, jibu husomwa, mara nyingi na Naibu Waziri, likianza kwa maneno ambayo kila mfuatiliaji wa Bunge anayajua: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Maji, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge, kama ifuatavyo." Baada ya hapo aliyeuliza anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine wanaweza kuomba nafasi ya swali moja moja. Jibu la msingi limeandikwa ofisini na wataalamu. Jibu la nyongeza hutoka kichwani, papo hapo, ndiyo maana habari nyingi za magazeti ya kesho yake hutoka kwenye nyongeza.

Je, wajua swali la maji linaloongoza kwa kurudiwa?

Ni "Je, ni lini?" Ni lini Serikali itapeleka maji kata fulani, ni lini itakarabati bwawa fulani, ni lini mkandarasi atarudi saiti. Nalo jibu lina ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni upembuzi yakinifu. Ya pili ni usanifu wa kina. Ya tatu ni taratibu za kumpata mkandarasi. Katikati ya ngazi hizo hukaa maneno "kadiri fedha zitakavyopatikana", yanayoweza kukaa hapo mwaka mzima au muongo mzima.

Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe unaonyesha urefu wa safari hiyo. Unachota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuyapeleka kwenye miji ya nyanda kavu za chini ya milima ya Upare. Kazi ilianza mwaka 2014, wakandarasi wakaondolewa, tarehe za kukamilika zikatajwa na kupita, na wabunge wa Kilimanjaro na Tanga wakawa wanausimamia mradi huo kwa maswali kikao baada ya kikao. Ulizinduliwa Machi 2025. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka kazi ilipoanza alikuwa amekwisha kumaliza shule ya msingi na kidato cha nne.

Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, lina umri mkubwa zaidi kwenye karatasi. Ni bwawa la kuhifadhi maji ya Mto Ruvu ili Dar es Salaam na Pwani zisikauke mvua zikichelewa. Lilizungumzwa na vizazi kadhaa vya mawaziri, na mkataba wa ujenzi ukaja kusainiwa Novemba 2022, wakati mabomba ya Dar es Salaam yakitoa maji kwa mgao.

Wanaouliza "ni lini" wana haki zote. Lakini kwa maoni yangu swali hilo linampa waziri njia pana ya kupita. Swali linalombana ni lile linalotaka namba: kiasi gani kimetengwa, kiasi gani kimetoka Hazina, asilimia ngapi ya bomba imelazwa, na nani alisaini. Namba ikishasemwa ndani ya ukumbi ule, inaingia katika Taarifa Rasmi, na mwaka ujao mtu yeyote anaweza kuirudia.

Je, wajua kwamba maji vijijini yalikuwa na tarehe ya mwisho, nayo ilikuwa 1991?

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe anapata maji safi karibu na nyumbani, umbali usiozidi mita 400. Maji ya vijijini wakati huo yalikuwa bure na gharama zote zilibebwa na Serikali. Mwaka 1991 ulipofika, mamilioni walikuwa bado wakichota mabondeni, na pampu nyingi zilizofungwa miaka ya sabini zilikuwa zimekufa kwa kukosa vipuri na mafuta. Mwaka huohuo ikatolewa Sera ya kwanza ya Taifa ya Maji.

Sera ya Maji ya 2002 ilimtaka mwanakijiji achangie uendeshaji. Vipimo ilivyoviweka ndivyo wabunge walivyovitumia kwa miaka mingi: kituo kimoja cha maji kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku. Lita 25 ni ndoo moja kubwa na robo yake. Humo mna kunywa, kupika, kuoga na kufua.

Kwa miaka mingi mhandisi wa maji wa wilaya aliwajibika kwa halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, huku sera na fedha za miradi zikiwa Wizara ya Maji. Swali la kisima kibovu lilikuwa na milango miwili, na kila mlango uliweza kuonyesha mwingine. Sheria ya Huduma za Maji ya 2019 ilianzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoanza kazi Julai 2019. Tangu hapo anayepaswa kujibu kuhusu kisima cha kijiji anajulikana. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyosikika.

Je, wajua kwamba kila lita ya petroli unayonunua inachangia kisima?

Tangu mwaka wa fedha 2015/16, shilingi 50 za kila lita ya petroli na dizeli huenda Mfuko wa Maji. Bodaboda anayeweka lita mbili amechangia shilingi 100 bila kujua. Katika mijadala ya bajeti wabunge, wa chama tawala na wa upinzani kwa pamoja, walishikilia tozo hiyo ipandishwe hadi shilingi 100. Hazina haikukubali, kwa hofu kwamba bei ya mafuta ingepandisha bei ya kila kitu. Ni moja ya mara chache ambapo wabunge wamekuwa wakiomba tozo iongezwe, na sababu yake ni kwamba fedha za mfuko huo zinaonekana hadi bombani.

Je, wajua kwamba Ruaha Mkuu uliahidiwa kutokauka tena, na ahadi hiyo ilikuwa na mwaka?

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake kwenye bonde la Usangu, hutuama katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hupenya kwenye mwamba wa Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Ruaha. Mbele yake kuna Mtera na Kidatu, mabwawa yaliyobeba umeme wa nchi kwa miongo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini mto huo ulitiririka mwaka mzima. Kiangazi cha 1993 ukakatika, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka. Mtu akiuona mwezi wa Oktoba, huona mchanga mweupe na viboko wamesongamana kwenye madimbwi machache ya matope.

Machi 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza London, mbele ya mkutano wa kimataifa, kwamba Tanzania itahakikisha mto huo unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao walianza kuondolewa Usangu, wengi wakihamia Pwani na Lindi. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, eneo la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, na hifadhi ikazidi kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2010 ulipita na mto haukuacha kukauka. Aprili 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi kingine cha kuunusuru.

Kwa miaka mingi wabunge wa Mbarali, wilaya iliyomo Usangu, walisimama kuuliza kuhusu tangazo hilo namba 28, ambalo mpaka wake uligusa vijiji na mashamba ya mpunga. Ukimsikiliza mkulima wa Mbarali, maji ni ya mpunga unaolisha miji. Ukimsikiliza mtu wa hifadhi, maji ni ya viboko na tembo. Mtu wa umeme anayasubiri Mtera. Hawa wote wanakwenda kwa mawaziri tofauti, Kilimo, Maliasili, Nishati, Maji, na kila waziri hujibu kipande chake. Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya utaratibu wetu: mto ni mmoja, majibu ni manne. Serikali inapaswa kuleta jibu moja lenye kiasi cha maji atakachopata kila mmoja katika miezi ya kiangazi, na Bunge linapaswa kulidai hilo.

Je, wajua maana ya "hekta milioni 29.4"?

Ukifuatilia majibu ya Wizara ya Kilimo utaikuta namba hii tena na tena: Tanzania ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji. Inasomwa kwa fahari, na mtu huondoka akiamini kwamba zote ni ardhi nzuri inayosubiri mifereji. Mpango kabambe wa umwagiliaji wa 2002, ambamo namba hiyo ilitoka, uliigawa mara tatu. Hekta milioni 2.3 tu ndizo zenye uwezo mkubwa. Milioni 4.8 ni za uwezo wa kati. Zilizobaki, milioni 22.3, ni za uwezo mdogo, ambako maji yako mbali au udongo si mzuri. Mbunge anayesikia 29.4 na kuuliza "katika 2.3 tumeendeleza ngapi?" atapata jibu lenye faida kuliko wengine wote.

Fedha za kilimo nazo zimesogea. Bajeti ya wizara hiyo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka uliofuata ikaombwa zaidi ya bilioni 751, sehemu kubwa ikiwa ya umwagiliaji, na Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane jijini Mbeya, ruzuku ya mbolea ikazinduliwa.

Je, wajua kwamba Bunge la Uingereza lilihojiana kuhusu mvua za Kongwa?

Hili wengi hawalijui, na ni somo zito kuhusu sera ya kilimo inayopangwa mbali na shamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Timu iliyoongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ilizunguka kwa wiki chache na kurudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947.

Matrekta yaliyopatikana yalikuwa ya mitumba ya jeshi, mengi yakiharibika muda mfupi baada ya kufika. Mibuyu na vichaka vilivunja vyuma. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali uliosaga majembe, na kiangazi kikifika ardhi hukauka na kuwa ngumu kiasi kwamba karanga zilizokwisha komaa hazing'oki. Mvua nazo hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye mpango. Wagogo walioishi pale, waliojua miaka ya njaa kwa majina, hawakuulizwa kitu cha maana. Mwaka wa kwanza liliwekwa lengo la ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, alisimama mara nyingi katika Bunge lao kujibu maswali kuhusu Kongwa, kuanzia ekari na matrekta hadi fedha. Wapinzani hawakumwacha. Januari 1951 mradi ulifutwa, baada ya kula takriban pauni milioni 36. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikufika, na ranchi ya ng'ombe ya Kongwa katika ardhi ambayo tangu mwanzo ilifaa malisho.

Miongo sita baadaye, mbunge wa Kongwa, Job Ndugai, ndiye aliyekaa katika kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2015 hadi 2022.

Je, wajua kwamba samaki wa kantini ya Bunge walipimwa kwa rula?

Juni 2018, wakati wa operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, maofisa wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi waliingia kantini ya Bunge Dodoma, wakachukua samaki waliokwisha kupikwa na kuwapima kwa rula. Sato walikuwa pungufu ya sentimita 25 zinazotakiwa. Kantini ikatozwa faini ya shilingi 300,000. Jambo likaingia ukumbini kwa hasira, wabunge wakisema wavuvi wao wa Kanda ya Ziwa wamekuwa wakifanyiwa hivyo kwa miezi kadhaa, nyavu zikichomwa na faini zikitozwa bila nafasi ya kujieleza.

Kipimo chenyewe kina sababu nzuri: samaki akivuliwa kabla ya kuzaa, ziwa linakwisha. Sangara wa Ziwa Victoria hapaswi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50. Lakini siku ile wabunge walionja kwa sahani zao wenyewe kile ambacho mvuvi wa Ukerewe alikuwa amekieleza kwa muda mrefu, na maswali ya uvuvi yaliyofuata yalikuwa na uzito mwingine.

Je, wajua bei ya ekari iliyoliwa na tembo?

Kutoka Tunduru hadi Bunda, Kilwa hadi Same, swali la tembo limekuwa swali la kilimo. Kanuni za 2011 ziliweka viwango vya kifuta jasho: shamba la mazao lilipwe kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari tano. Kwa viwango hivyo, aliye karibu zaidi na hifadhi, ambaye ndiye anayevamiwa zaidi, alipata kidogo zaidi au hakupata kabisa. Familia ya aliyeuawa na mnyama ilipewa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000.

Wabunge wameuliza mara nyingi kwa nini isiitwe fidia na ilipwe kwa thamani ya mazao. Serikali imekuwa ikijibu kwamba haya ni malipo ya kumfariji mwananchi, si fidia, kwa sababu wanyama hawana mpaka na nchi haiwezi kubeba hasara yote. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini ekari ya mahindi yaliyokomaa inaweza kutoa magunia kumi na zaidi, na mkulima aliyelala juu ya dungu mwezi mzima akipiga madebe anajua kwamba shilingi 100,000 hazirudishi hata mbegu, mbolea na vibarua. Hapa nasimama upande wa wanaouliza.

Ndege nao wamo. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu kumi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, na makundi huzidi hapo, linamaliza tani kumi za mtama au mpunga kati ya asubuhi na jioni, na ndiyo maana ombi la wabunge ni ndege ya kunyunyizia sumu ifike ndani ya siku, si wiki.

Je, wajua kwamba mawaziri wanne waliondoka siku moja kwa jambo la uhifadhi?

Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ililenga majangili wa tembo. Ikageuka kilio: watu waliteswa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakauawa. Bunge liliunda timu iliyoongozwa na James Lembeli, na taarifa yake iliposomwa Desemba 20, 2013, ukumbi ulilipuka. Khamis Kagasheki wa Maliasili alitangaza kujiuzulu palepale. Kufikia usiku, David Mathayo wa Mifugo, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani na Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi walikuwa nje ya Baraza la Mawaziri. Wanaosema Bunge halina meno waisome siku hiyo.

Je, wajua kuhusu mita sitini na vinyungu?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Iringa na Njombe watu hulima vinyungu, bustani za mabondeni zinazotoa mahindi mabichi, maharage na mboga wakati wa kiangazi, na ada za shule za watoto wengi zimetoka humo. Sheria ikitekelezwa kwa kamba ya kupimia, kinyungu chote kinakwenda. Wabunge wa mikoa hiyo wamelisimamia jambo hili kwa ukali, nami nadhani wana hoja: bonde la mita kumi la Mufindi na ukingo wa Ziwa Victoria havifanani, na kipimo kimoja kwa vyote kinamfanya mkulima amwone ofisa mazingira kama adui.

Misitu haina mtetezi wa namna hiyo. Takwimu za Serikali zilisema nchi inapoteza hekta 372,816 za misitu kwa mwaka. Baadaye zikasema 469,420. Namba hiyo ya pili inakaribia mara mbili ya eneo la Unguja na Pemba kwa pamoja, kila mwaka. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Ni shule ngapi zimeacha kweli, na gesi inalipwa na nani? Hilo ni swali la msingi zuri kwa mbunge yeyote.

Je, wajua kwamba maji ya Pemba hayaulizwi Dodoma?

Kilimo, maji na mazingira havimo katika orodha ya Mambo ya Muungano, ambayo ilianza na mambo 11 na sasa ina 22. Kisima cha Micheweni huulizwa katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Bahari kuu ina utaratibu wa pamoja: mamlaka inayosimamia uvuvi huko hufanya kazi kwa niaba ya pande zote mbili, na makao yake yapo Fumba, Unguja.

Je, wajua aliyetukanwa bungeni Nairobi kisha akarudi kujibu maswali humohumo?

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kusimamishwa ndani ya bustani ya Uhuru. Wabunge wa Kenya walitumia kikao kumshambulia yeye na wanawake wake wa kupanda miti. Jengo halikujengwa. Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na 2003 akawa Waziri Msaidizi wa Mazingira, akisimama katika Bunge lilelile kujibu maswali ya misitu. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimkuta katika wadhifa huo mwaka 2004.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, na maswali yakahamia kwenye kamati. Wabunge walilalamika kwamba majibu yamefichwa, na tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakiitwa tena ukumbini kujibu ana kwa ana.

Je, wajua jinsi ya kulifikisha lako?

Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, bila malipo. Tafuta jina la jimbo lako na neno "maji" au "skimu". Andika pembeni kila namba na kila tarehe iliyotajwa na waziri. Kisha mwandikie mbunge wako swali moja fupi: mwaka fulani, katika jibu la swali namba fulani, Serikali ilisema mradi utakamilika mwezi fulani kwa kiasi fulani, je, kimetoka kiasi gani, na kilichobaki kitatoka lini? Mpelekee kabla ya vikao vya bajeti, vinavyoanza Aprili na kumalizika Juni, maana baada ya hapo fedha za mwaka mzima zimekwisha kugawanywa.